Dada Yangu Amenizidi Presha

Likoni, Mombasa
Aprili, 1962

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaikum, na ikiwa wewe si wa dini hiyo, basi pokea heri kwa namna mnavyoipokea kwenu. Gazeti lako huku Likoni linasomwa hata na wasiojua kusoma, kwa kuwa mimi ndiye ninayewasomea jioni barazani pangu, na siruki neno ila matangazo ya sabuni. Najua siku hizi kurasa zako zimejaa katiba, waheshimiwa wanaokwenda Ulaya na kurudi, na huu Mwambao wetu, kama utakuwa wa huku au wa kule. Sina neno na hayo. Lakini kuna dhuluma inatendeka katika zahanati yetu ambayo mtu mwenye haki hawezi kuinyamazia, nayo ni hii: dada yangu amepewa presha kubwa kuliko yangu.

Nijieleze kwanza. Mimi ni Mbwana bin Bakari, mzaliwa wa hapa hapa. Nilikuwa mpimaji wa mbata katika ghala moja karibu na feri mpaka nilipostaafu, na nazi zilizokaushwa na nusu ya Likoni zimepita kwenye mizani yangu. Dada yangu ni Mwanatatu, wa kunifuata. Alipofiwa na mumewe alirudi nyumbani, na mimi wakati huo nilikwisha kufiwa na mke wangu, kwa hiyo tunakaa pamoja katika nyumba aliyotuachia baba.

Sisi wawili tuna ugonjwa mmoja, ugonjwa wa miguu kuwaka moto. Ukitembea kidogo juani, ukijifunika shuka, ukikaa karibu na jiko, nyayo zinaiva zikawa nyekundu hata kwenye ngozi zetu hizi nyeusi, zinavimba, na unatamani uzivue uzitundike ukutani. Kinachotupoza ni maji baridi. Tulipokuwa wadogo mama alinunua beseni kubwa la bati, akatuweka juu ya vigoda tukitazamana, miguu minne ndani. Beseni hilo tunalo mpaka leo. Mwanatatu hutia maji kwa kipimo anachokijua mwenyewe, na miguu yote ikishaingia maji hupanda yakafika kwenye vifundo sawasawa. Hapo ndipo tunapozungumza mambo yetu yote.

Mwaka jana tulivuka feri kwenda kwa daktari mmoja Mzungu. Alitutazama miguu akafurahi kama mtu aliyeokota pete. Akautaja ugonjwa kwa jina refu ambalo hata karani wake alilikata njiani. Akasema wenye ugonjwa huu ni wachache sana duniani, na kwamba presha zao za damu hazifanani: wengine iko juu, wengine ya kawaida, wengine iko chini, na yeye mwenyewe angependa kujua kwa nini. Basi akatuandikia tuwe tunapimwa kila wiki huku kwetu zahanati, na hapo ndipo fitina ilipoingia nyumbani.

Anayetupima ni Gershom, dresa wetu wa kufunga vidonda na kugawa dawa, Mrabai, mtu wa adabu, mvaa soksi nyeupe. Siku ya kwanza mimi nikatoka mia na kumi. Mwanatatu akatoka mia na tisini. Nikamwomba Gershom arudie. Akarudia, na mimi nikabaki pale pale, Mwanatatu akaongezeka. Nikaona nisiombe tena.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mimi ndiye mkubwa. Mimi ndiye niliyeanza kuungua. Mwanatatu alizaliwa akanikuta nimo katika beseni tayari. Ugonjwa huu ameupata kwangu, kama alivyopata viatu vyangu vilivyonibana. Sasa ni desturi ya wapi mdogo apakuliwe minofu na mkubwa aambulie mchuzi? Kila wiki tunatoka zahanati, yeye yuko mbele na namba ya liwali, na mimi nyuma yake na namba ya mtoto wa chuoni.

2. Kupima kwenyewe hakuna uaminifu. Mimi katika kazi yangu sikupata kutia gunia kwenye mizani kabla ya kumwonyesha mwenye mali kwamba mizani ikiwa tupu haisomi kitu. Hiyo ndiyo heshima ya mpimaji. Nami nilimwomba Gershom, kwa upole kabisa, aufunge kwanza mpira wake wa kupimia kwenye mguu wa meza, aujaze upepo, atuonyeshe mguu wa meza una presha ngapi. Alikataa. Alisema meza haina damu. Nikamwambia nami ndiyo maana naitaka, kwa kuwa haina upande. Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka, na siku hiyo presha ya Mwanatatu ikapanda zaidi, jambo linaloonyesha wazi kwamba mpimaji alikuwa na kisirani na mimi. Isitoshe, magunia mawili ya mbata kutoka shamba moja, tanuri moja, hayawezi kuachana kiasi hicho. Yakiachana, ujue kuna mtu ameweka kidole.

3. Mwenye presha kubwa anapata mambo ambayo mimi sipati. Mwanatatu ameambiwa apumzike, asibebe ndoo, asiinamie mawe ya jiko. Jirani yetu Mwanarehema humletea uji, akakaa naye, akampa pole mpaka zikamwagika, na akitoka ananipita mimi barazani kwa “hujambo” moja tu, wakati miguu yangu inawaka pale pale mbele yake. Na Mwanatatu amekatazwa chumvi. Kwa kuwa chungu ni kimoja, nami nimekatazwa. Naila adhabu ya presha ambayo sijapewa. Nimekula samaki changu asiye na chumvi, Bwana Mhariri, na mimi ni mtu wa pwani.

4. Hina. Jambo hili ni dogo lakini limeniuma. Hina inapoza nyayo, kila mtu analijua. Mwanatatu akijipaka, watu wanasema amependeza. Mimi nilipojipaka mwezi uliopita kwa sababu ya moto huo huo, habari ilifika Magogoni kwamba Mzee Mbwana anaoa, na akaja mtu na familia yake kuniuliza kama nimekwisha kupata mchumba au nitazame binti yao. Naamini ningekuwa na presha ya mia na tisini watu wangejua kwamba mimi ni mgonjwa.

5. Hili ndilo kubwa. Gershom alimpa Mwanatatu vidonge vyeupe, na mimi akanipa mkono wa kwaheri. Sasa nyumbani kwetu kuna sheria ya mama tangu tukiwa wadogo: kitu kikimfikia mmoja kinakatwa vipande viwili. Hakuna aliyewahi kula kitu peke yake. Andazi tunakata, sabuni tunakata, na Mwanatatu akiletewa leso, moja anavaa yeye na ya pili naifanya shuka. Basi jioni ile ile, tukiwa kwenye beseni, alivitoa vidonge na kisu. Sikumwomba. Alisema koo lake halijapata kumeza kitu nami namtazama. Na tulipoviangalia tukakuta kila kidonge kina mstari katikati, umechorwa kiwandani. Huko kilikotengenezwa, Bwana Mhariri, wapo watu wanaojua kwamba mtu ana ndugu. Gershom peke yake ndiye asiyejua.

Tangu hapo tunameza nusu kwa nusu. Ikiwa vidonge vinapandisha, nitamfikia. Ikiwa vinashusha, basi angalau tumeshuka pamoja. Na naona vinafanya kazi. Mimi nikisimama kwa ghafla dunia inazunguka, masikio yanalia, na huwa nashika nguzo ya baraza mpaka nyumba itulie. Hizo bila shaka ni dalili za presha inayokuja. Mwanatatu naye, kwa kuwa hapendi kupitwa, amezusha kichwa. Kila asubuhi kinamuuma kisogoni, na juzi akasema anaona nukta nyeusi kwenye ukuta mweupe. Nilimwambia asijikuze. Akanijibu, “Kaka, wallahi ukiitaka presha hii ichukue yote, na kichwa chake pia.” Hayo ndiyo majibu ya mtu aliyezoea kuwa juu.

6. Mwisho, nchi inakwenda kwenye Uhuru. Tunaambiwa kwenye mikutano kwamba watu wote watakuwa sawa, Mdigo na Mgiriama, mtu wa bara na mtu wa pwani, mwenye gari na mwenye miguu. Nauliza: tutakuwaje sawa katika Kenya nzima ikiwa ndani ya beseni moja la bati, maji yale yale, baba mmoja mama mmoja, mmoja ana mia na kumi na mwenziwe mia na tisini? Waheshimiwa wanagombania maili kumi za pwani. Mimi nina dhuluma isiyozidi hatua moja kutoka kigoda hadi kigoda, na hakuna aliyeisimamia, hata wale walioninywea kahawa wakiomba kura.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Iundwe tume ya presha, yenye wazee wa Likoni, Kisauni na Changamwe, na angalau mmoja wao awe amepata kushika mizani. Gershom aamriwe kupima mguu wa meza hadharani. Na wakati tunangoja tume, presha yangu na ya Mwanatatu zijumlishwe zote zigawanywe, ambapo kila mmoja atapata mia na hamsini. Kwa ajili ya ukubwa wangu, nitaridhika na mia na hamsini na moja. Mwanatatu nimemweleza hesabu hii na hakuipinga, alikuwa amefumba macho.

Ningeendelea, maana lipo pia suala la katiba kutaja jambo hili kwa kifungu, lakini mistari ya karatasi inaniyumbia machoni. Nisalimie wapanga herufi wako na huyo anayeandika habari za mpira, mwambie timu yetu hakuitendea haki. Wa hapa barazani wanakusalimu wote, na Mwanarehema, na hata Gershom nikimpa habari atakusalimu. Mwanatatu angekusalimu kwa mdomo wake ila amelala, ni siku ya pili leo, kwa sababu ya hicho kichwa.

Ni mimi nduguyo katika haki, niliyepunjwa,

Mbwana bin Bakari

Nyongeza: Barua hii sikuifikisha posta. Nilikuwa nimetoka nayo, nikafika kwenye foleni ya feri, na pale dunia ikazunguka bila nguzo ya kushika. Waliniokota kati ya matenga ya kuku, wakanileta zahanati kwa mkokoteni. Gershom alinifunga mpira, akautazama, akanitazama, akafunga tena. Namba iliyotoka siitaji kwa aibu. Mguu wa meza ungenishinda.

Akaniuliza nimekuwa nikimeza nini. Nikamweleza, na nilimweleza kwa majivuno, mpaka ule mstari wa katikati. Aliniacha na mpira wake mkononi akatoka mbio kwenda nyumbani kwetu, na soksi zake nyeupe, katika matope haya ya masika. Alimkuta Mwanatatu kitandani haoni mlango. Alidhani Gershom ni mimi, akamwambia alete kisu, kuna andazi.

Walimvusha feri mchana ule ule, wakampeleka hospitali. Gershom amenieleza baadaye, polepole kama mtu anayesoma kwa kidole, kwamba vidonge vile vinashusha. Kwamba mimi nilikuwa nashushwa ilhali sina pa kushukia, na Mwanatatu hakuwa akipata cha kumtosha. Nusu niliyokuwa nikimeza mimi ndiyo iliyokuwa yake. Nililia mbele yake na sioni haya kukuandikia.

Alhamdulillahi, leo macho yamerudi na presha inateremka. Anameza vidonge vizima. Florence, muuguzi wa wodi yake, anasema kila akipewa kimoja anapapasa mezani akitafuta kisu, basi Florence humsimamia mpaka ahakikishe kimeshuka. Mimi miguu imewaka njia nzima ya kwenda na kurudi, na hapo kitandani kwake Mwanatatu hakuuliza hali yake ila aliuliza kama nimepata pa kuitia miguu. Nikamwambia habari za barua. Akasema niipeleke, ila niikate nusu.

Basi nusu ya juu usiichape, Ndugu Mhariri. Tume isiitwe, na mia na hamsini na moja nimeisamehe. Gershom simdai mguu wa meza. Mwanarehema sasa ananiletea mimi chakula, samaki na chumvi yake yote, na bakuli zinarudi kwake zimejaa.

Jana jioni niliteka maji mwenyewe, kwa kipimo chake nilichokuwa nikimwona akikitia, nikaweka vigoda viwili kwa mazoea. Nilipoingiza miguu maji hayakufika kwenye vifundo. Nikaongeza ndoo, yakafika, lakini nilikuwa nimeshajua ni miguu ya nani iliyopungua. Mwombee arudi. Arudi na presha yoyote watakayompa, na mimi sitauliza ni ngapi.

M. B.