Kabati la Mninga Lililogeuka Bluu

Ndugu Mpiga Picha, ambaye kwa bahati mbaya pia ni shemeji yangu,

Natumaini u mzima na taa zako zote zinawaka. Sisi huku hatujambo, isipokuwa kabati. Nakuandikia rasmi kwa sababu kwa mdomo tumeshindwana, na dada yako amenikataza kupandisha sauti mbele ya watoto.

1. Kabati langu ni la mninga, jekundu lililoiva kama chai ya rangi. Katika picha zako limetoka bluu, tena bluu ya mtu aliyelala nje kwenye baridi. Mama mwenye hoteli alizitazama akauliza, "Fundi, kabati lako linaumwa?" Keshokutwa anaamua nani amtengenezee samani za vyumba vyote. Shemeji, nikiikosa kazi hii nafunga karakana. Sikutanii.

2. Ulidai shati langu jekundu linaakisi kwenye mbao na kuharibu rangi. Nikalivua. Nikasimama kifua wazi mbele ya watu waliokuja kupiga picha za pasipoti, na mmoja wao akaniuliza kama ndiyo utaratibu mpya. Kabati likabaki bluu vilevile.

3. Ukabadilisha taa, ukatundika shuka jeupe, ukafunga madirisha yote. Kisha ukanitazama kana kwamba mwenye kosa ni mninga! Hapo uliniudhi kwelikweli.

4. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, uezue paa la studio ili tupige picha kwa jua. Jua halijawahi kunikosea adabu.

5. Paa likikushinda, njoo karakana usimame mbele ya kabati uliombe radhi, milango yake yote ikiwa wazi ili lisikie vizuri. Majirani nimeshawaalika.

Wasalimie wote hapo: wifi wa dada yako, watoto, kinyozi wa mlango wa pili, na wale wa pasipoti kama bado wapo.

Ni mimi shemeji yako mwenye uchungu,
Fundi Randa

N.B. Nilisahau kukuambia. Ile kadi ya kijivu unayoipiga picha kwanza ili kamera ijue rangi za vitu vingine, niliikuta imepauka, aibu tupu kuiweka karibu na kabati langu. Kwa hiyo kabla hatujaanza kazi niliipeleka nyumbani kwangu, nikaipaka vanishi ya kahawia, nikairudisha asubuhi mahali pake. Sasa inang'aa kama asali. Usinishukuru, sisi ni ndugu.