Ruzuku ya Miguu Mitano

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri ya Tarafa ya Nangumbe, ambaye ametuma udhuru kwamba anaumwa jino, Mheshimiwa Makamu wake, ambaye amekwenda kuliangalia jino hilo, Bwana Imamu, Katekista Modesti, mashujaa wetu wanne wa keya, jeshi la Mwingereza, mliokwenda vita ya Bama mkavunjikavunjika ili mfalme wa watu alale vizuri, mama zangu, wapwa zangu, na wakwe zangu mliosimama nyuma kwa adabu: mimi Maftaha, Afisa Mkuu wa Ruzuku, Kodi, Takwimu na Mambo Yasiyo na Mwenyewe, ninasimama mbele yenu nikiwa, bila kujisifu, ndiye mtu aliyeifanya Serikali ijue kwamba kaskazini ya Kilwa kuna watu. (Makofi mawili, yote ya mtu mmoja.)

Wapo wanaosema elimu yangu ni darasa la nne. Nakubali, ila la nne nimelisoma mara tatu, na nne mara tatu ni kumi na mbili, kwa hiyo hapa tarafani hakuna aliyenipita.

Ndugu wananchi, kama mnavyofahamu, na asiyefahamu afahamu sasa, mwaka jana, baada ya Azimio kutuzindua, halmashauri yetu tukufu iliwasamehe kodi ya nyumba askari wote walioumia vitani, azimio ambalo mimi ndiye niliyelinyoshea mkono wa kwanza, na nilipoona wengine wanachelewa nikaunyosha na wa pili. Takwimu zinaonyesha kwamba mzee Likwata ana mguu mmoja, mzee Valentini mmoja, mzee Yohana mmoja, na mzee Tomaso anayo yote miwili ila jicho moja lilibaki huko huko. Jumla ni miguu mitano kwa mashujaa wanne, yaani wastani wa mguu mmoja na robo kwa kila shujaa, kiwango ambacho Miteja na Kinjumbi hawajakifikia. (Kicheko. Mzee Valentini anauliza robo yake kaiweka nani.)

Sasa, kusamehe ni ibada, lakini ibada huacha pengo la kibajeti, na pengo hilo ndilo lililotulazimu kumsimamisha kazi dresa wetu wa vidonda Bi Theresia na kuifunga zahanati kwa wiki mbili, wiki ambazo mpaka leo zimefika miezi saba. (Minong'ono.) Najua. Najua kwamba pale mzee Likwata alipokatwa mguu hufunguka kila masika, na kwamba mkewe Mboni, binti wa dada yangu, humkokota kwa baiskeli mpaka Miteja kwenda kuoshwa kidonda. Baiskeli ile, mtakumbuka, niliyemshauri ainunue ni mimi.

(Mboni anasimama na kusema, "Shikamoo mjomba. Ufunguo wa zahanati uko wapi?")

Marahaba, mwanangu. Ufunguo uko katika mikono salama na suala lake liko katika utaratibu. Keti. Bi Theresia naye nimemwona pale, amekuja na mkoba wake, ati yuko tayari kuanza hata leo, kijiji kimlishe tu mpaka mambo yatengemae. Tunamshukuru, lakini dawa haiwezi kuingia ndani kabla ya ruzuku. Huo utakuwa utovu wa adabu wa kiserikali.

Na ruzuku ndiyo kisa cha kukusanyika kwetu. Ilitangazwa kwamba halmashauri yoyote itakayoonyesha nyumba za askari ilizozisamehe itafidiwa, nyumba kwa nyumba. Sikulala mimi. Nilijaza fomu kwa mkono wangu huu, nakala tatu, na ya nne nikaikariri. Jina la shujaa: Likwata. Kilichopungua: mguu wa kushoto. Mwenye nyumba.

(Wakwe wote nyuma wanainua shingo.)

Jamani, nani hapa asiyejua? Tangu babu zetu mwanamume huoa akahamia kwa mke, na nyumba ni ya mke na ndugu wa tumbo lake. Mimi ni mjomba wa Mboni, nguzo za nyumba ile nimezikata mwenyewe, leo niandike kwa wino wa Serikali kwamba ni mali ya mkwe? Ukoo ungenila, ukateremshia na fomu. Nikaandika Mboni. Kwa Valentini nikaandika Apolonia, kwa Yohana Rosalia, kwa Tomaso Skolastika. Mwandiko ulikuwa mzuri, hata karani aliyezirudisha fomu aliusifu.

(Bi Apolonia anauliza, "Alizirudisha?")

Alizirudisha kwa heshima zote, pamoja na barua isemayo kwamba hakuna ushahidi wa wanawake hao wanne kujeruhiwa Bama. Kwa hiyo hakuna nyumba ya askari iliyosamehewa, kwa hiyo hakuna pengo, na pasipo na pengo hapana cha kuziba. Mimi naiita hatua kubwa. Ni tarafa ngapi nchini zimethibitishiwa kwa maandishi kwamba hazina pengo? (Bi Apolonia anacheka mpaka anakaa chini. Mzee Likwata hacheki. Anasema taratibu, bila kumtazama mjomba wa mkewe usoni, "Ingekuwa yangu kwenye karatasi tu. Nisingehama nayo.")

Hilo nimelipokea kama pendekezo.

Sasa tufunge kwa sauti moja. Nikisema Ruzuku, semeni Imefika. Ruzuku! (Watu wanamtazama Mboni.) Ruzuku! (Mboni anasema, "Ufunguo." Wanawake wanaitikia, "Ufunguo." Mara ya tatu wanaitikia mpaka wakwe walioko nyuma.)

Basi, nawashukuruni sana kwa kuhudhuria kwa wingi sherehe hii ya kupokea ruzuku ambayo haijawahi kuwepo, na kwa idhini niliyopewa na nafsi yangu, Bi Theresia, ufunguo huu hapa, ulikuwa mfukoni mwangu muda wote. Ila nakuomba, mwanangu, usifungue mbele ya watu. Niache nitangulie kidogo. Tangu mke wangu Kadija anikumbushe kwamba nyumba ni yake, na kweli ni yake, kitanda cha wagonjwa ndicho ninachokilalia, na suruali yangu ya pili nimeianika kwenye mizani ya watoto.