Breki za Tela ni Sisi

Lutindi, Korogwe
Mei, 1975

Ndugu Katibu wa Wilaya,

YAH: MIMI KUWA BREKI

Uniwie radhi kwa kukutoa kwenye kazi za taifa. Jina langu ni Dorkasi, mke wa Simeo, na tangu juma lililopita cheo changu hapa kijijini ni breki.

Kama ujuavyo, mafundi wetu wamemaliza mashua ya kuvushia watu Mto Pangani. Ni mashua nzuri, ila iko juu mlimani zinakopatikana mbao, na mto uko huko chini. Tumeazima tela kwa wenzetu wa Kwaluguru, Handeni, na Jumamosi litavutwa na trekta. Tela hilo halina breki. Dereva wetu, Yordani, aliueleza mkutano kwamba mzigo ni mzito mno, na kwenye mteremko utalisukuma trekta mpaka korongoni. Mwenyekiti wetu, Ndugu Fabiani, akamjibu kwamba Kwaluguru tela limebeba mahindi miaka yote bila breki, kisha akaitisha kura. Breki zilishindwa vibaya. Ikaamuliwa kila nyumba itoe mtu wa kushika kamba nyuma ya tela na kulizuia.

Sipingi uamuzi wa wengi. Nina malalamiko machache tu.

1. Kwaluguru ni tambarare. Ledama, mfugaji aliyetuletea tela, alipouona mteremko wetu aliaga hapo hapo, hata chai hakunywa. Nadhani mteremko nao ungealikwa mkutanoni, maana mpaka leo haujapata habari za kura.

2. Jumatatu ya juma lililopita tulifanya jaribio, telani mkiwa na mawe kidogo. Breki ya kwanza kuharibika ilikuwa mume wangu. Kamba ilimburuta, mguu ukavunjika, na sasa amelala ndani. Mwenyekiti alitangaza kwamba jaribio limefana kwa kuwa tela lilisimama. Kweli lilisimama, ndani ya jiko la Mama Agripina.

3. Nyumba yetu ikawa haina breki, basi nikaingizwa mimi. Naulizia haki zangu tu. Breki za gari huwekewa mafuta. Mimi sijapata hata ya kupikia. Zikichakaa hubadilishwa, kwangu kipuri kilichobaki ni binti yetu Serafina, naye bado ananyonya.

4. Mwenyekiti anasema breki ni vitu vya kigeni, vinavyodhoofisha moyo wa kujitegemea. Nimeelimika. Basi tusibaguane. Baiskeli yake ing'olewe breki, na mkewe akimbie nyuma yake ameshika kamba. Treni ikikaribia stesheni ya Korogwe, abiria wa daraja la tatu washuke waizuie. Na gari lako, Ndugu Katibu, nadhani makarani wa ofisi yako wanatosha.

Nikisema bila mzaha, naogopa. Niliona mume wangu alivyoburutwa, na usiku sipati usingizi. Naomba breki za tela zitafutwe kabla ya Jumamosi, au safari isubiri. Mto hauhami.

Simeo anakusalimu kutoka kitandani. Mama Agripina anakusalimu, anapikia nje. Yordani naye anakusalimu. Siku hizi haachi kwenda kanisani.

Ni mimi raia wako, niliye tayari kwa kazi ila si kwa kazi hii,

Dorkasi Simeo

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Mwenyekiti amepita akitangaza kwamba mgeni rasmi wa Jumamosi ni wewe, na kwamba utaketi ndani ya mashua kutoka hapa mpaka mtoni, ukiwapungia watu mkono. Basi nafuta malalamiko yote. Tela likiwa limebeba kiongozi, breki za nini tena? Wenzangu wa kamba wamefurahi sana, ila wameniomba nikuulize kama wewe ni mnene. Karibu sana. Tutashika kwa nguvu zetu zote, na tumekubaliana kwamba kamba ikianza kutuburuta, tunaiachia.