Mintarafu: Kutoshukiwa Kwangu Katika Kisa cha Klachi na Mbuzi

Mzee Maluki,

Pokea heshima zangu nikiwa nimesimama. Mimi ni Mugo, mpwa wa Njau, yule kijana aliyekaa nyuma ya pikapu Jumamosi pamoja na mbuzi watatu wa ntheo, wale wa kufunga ndoa kwa mila yenu. Huenda hunikumbuki. Hilo ndilo lalamiko lenyewe.

Pikapu yetu ilipoangusha lango lako, mbuzi wakaruka, na mmoja akapotelea kwenye mashamba ya mananasi hadi leo, ulisema ntheo haihesabiki kwa mbuzi wawili, na kwamba mtu anayeshindwa na pikapu hawezi kupewa binti yako Kavindu. Bila ntheo Kavindu si mke wa Anko Njau, na Anko siku hizi anatazama tu chakula. Kwa hivyo nalalamika:

1. Kwamba mlimshuku Anko, mkawashuku mbuzi, mkashuku hata mvua ya Ijumaa, lakini mimi hakuna aliyenishuku. Na nilikuwa pale, na uso wa mwizi kabisa.

2. Kwamba Mutiso, kaka yake Kavindu, alimwita Anko dereva wa mkokoteni, kisha akanigeukia akanipa soda, ati pole kijana, umeshtuka. Niliinywa yote.

3. Kwamba nina miaka kumi na sita na miguu mifupi. Jioni, wa nyumbani wakienda kwaya, huwa najifunza kuendesha pikapu hiyo uani kwetu Kiuu, Ruiru: mita nne mbele, mita nne nyuma. Klachi yake ni ya zamani, ya vyuma na fimbo, na lazima uikanyage hadi sakafuni. Mguu wangu haufiki. Basi Alhamisi niliingia chini ya gari na spana namba kumi na tatu, nikakaza nati ya ile fimbo mpaka pedali ikakosa ulegevu wowote, ili nikiigusa tu klachi iachie. Nilijiona injinia. Kumbe sasa inashika juu kabisa, mguu ukiwa karibu kutoka, na inashika kama imechokozwa, gari linaruka mbele.

4. Kwamba njia nzima mara mbili niliinua mkono nigonge kioo cha Anko, nimwambie. Mara ya pili mbuzi alidhani nampa kitu.

Kwa hayo, naomba nishukiwe rasmi. Nitangazwe mbele ya wazee, nikatazwe kugusa spana pande zote za Thika, na mpaka yule mbuzi apatikane, nije nikae kwako mahali pake. Sili sana. Kelele sipigi, na mashahidi wapo.

Nisalimie Mama Kavindu, Mutiso, na mbuzi wawili walionivumilia.

Ni mimi mkosaji, ingawa sionekani,
Mugo

N.B. Kabla ya kufunga bahasha nilimpa Anko barua hii aisome. Alicheka mpaka akakaa chini. Anasema alihisi klachi imebadilika hata kabla hatujatoka uani, na kufika Thika alikuwa ameshaizoea, tena ameipenda. Pale langoni klachi haikuwa na kosa lolote. Ni vile alikuona wewe umesimama, mguu wake wa kushoto ukaanza kutetemeka, ukaondoka wenyewe kwenye pedali. Ameniomba sana nisikuandikie hilo, na nimemwahidi.