Mazishi ya Idrisi Mchana Kweupe

Enzi za Hali ya Hatari, wakoloni wakiwasaka wapiganaji wa msituni, pale Embu mjini, mtu akichimba hata shimo la choo alihojiwa anaficha risasi gani. Kwa hiyo Idrisi, bingwa wa maneno ambaye hakuwahi kushika jembe tangu azaliwe, alipomwona Hassan mchinjaji akiyakodolea macho makaburi ya zamani nyuma ya msikiti wa mabati, alijua riziki imebisha hodi.

"Unaliangalia lile jiwe la pembeni?" akamnong'oneza. "Pale hakuna maiti, Bwana Hassan. Mzee mmoja wa misafara alifukia pembe za ndovu, akaweka jiwe Wazungu wasipekue, kisha akarudi kwao Pangani. Babu yangu ndiye aliyemshikia taa."

Babu yake Idrisi alikuwa mpishi Machakos, lakini hilo tuliache.

Hassan akameza mate. "Usiku kuna kafyu, mchana kuna askari. Tutachimbaje?"

"Kwa mazishi! Nani atatukataza kuzika? Wewe leta fahali wa matanga, mnene. Mengine niachie mimi."

Fahali akafika uani kwa Idrisi siku ileile, shingo nene kama gunia la mahindi. Mpango ulikuwa rahisi: jenezani lilazwe gogo la mgomba lililovishwa sanda, na Hassan akitoka jasho makaburini, Idrisi awe njiani kwenda Maua kumuuza fahali.

"Na mimi?" akauliza mkewe, Hidaya, mikono ikiwa ndani ya unga wa mahamri.

"Wewe utalia. Unalia vizuri sana."

Hidaya akaendelea kukanda. "Sawa, mume wangu. Ila yule askari Njagi wa kizuizi cha barabarani anafunuanga kila jeneza akitafuta bunduki. Akipata mgomba tumekwisha. Afadhali alale mtu."

"Mtu gani atakubali?"

Hidaya akamtazama tu, kwa mapenzi mengi. "Ukifika makaburini utaruka ua. Mimi nitakungoja na fahali mtoni Rupingazi."

Basi kesho yake Idrisi akafa. Hidaya akapiga ukemi uliosikika mpaka posta. Wanaume wakabeba jeneza. Wanawake, kama ilivyo desturi, wakabaki nyumbani na mjane. Na fahali.

"Alikuwa mtu mwema," akasema mbebaji mmoja.

"Nani? Idrisi huyu?" akauliza mwenzake. "Labda tumebeba mwingine."

Marehemu akauma meno. Kizuizini Njagi akafunua sanda, akamkagua. Inzi akatua juu ya pua ya marehemu, akatembea taratibu kama mtalii. Idrisi akamwomba Mungu, kwa dhati kwa mara ya kwanza maishani.

"Ametulia kushinda alipokuwa hai," Njagi akasema, akafuata msafara kwa heshima.

Makaburini Hassan akaomba achimbe mwenyewe kando ya lile jiwe, eti ndiyo haki ya rafiki. Akachimba, akachimba. Udongo, mawe, mizizi. Idrisi alitaka kuruka ua, lakini waombolezaji walikuwa wamemzunguka pande zote. Hatimaye Hassan akatoka shimoni, uso umevimba kwa hasira, akainama sikioni mwa maiti.

"Pembe hakuna," akanong'ona. "Lakini shimo liko tayari." Kisha akapaza sauti, "Leteni ndugu yetu tumzike!"

"Sizikwi!" akapiga kelele ndugu yao, akaruka juu na sanda.

Mji wote ukatimua mbio. Njagi alikuwa mbele, kofia yake nyuma.

Idrisi akakimbilia mtoni. Hakuna mke, hakuna fahali. Akakimbilia nyumbani. Uani kulikuwa na kigingi, na kinyesi ambacho bado kilitoa mvuke. Jirani yao, Wawira, alikuwa anafagia huku amempa mgongo.

"Hidaya yuko wapi?"

"Ameenda kwao Muthara na lori la viazi, maskini," Wawira akajibu bila kugeuka. "Amesema hawezi kukaa pahali bwana yake amefia. Tukampakilia ng'ombe yake. Mimi nimempa blanketi, wengine wakampa kuku. Dereva wa lori mwenyewe amelia..." Hapo akageuka. Ufagio ukaruka upande mmoja, Wawira upande mwingine.

Kwa mbali Hassan alikuwa anakuja, na kisu cha kazi mkononi. Idrisi akakusanya sanda yake, akakimbia hadi kituo cha polisi, akagonga mlango kwa ngumi zote mbili.

"Njagi, nimedanganya watu! Nifunge, ndugu yangu, nifunge upesi!"

Ndani kukasikika ufunguo ukizungushwa mara ya pili, na meza ikiburutwa hadi mlangoni.

"Rudi kwenu," sauti ya Njagi ikatetemeka. "Serikali haifungi maiti."