Ua la Marehemu Salvator

Jumatano, 28 Februari 2001

Milio ya risasi kutoka kaskazini tangu alfajiri. Umeme hakuna. Redio za wateja zimelala, na mimi fundi wao nimelala nazo. Saa nne barabara yetu ya Jabe ikajaa watu wanaokimbia mtaa wa Kinama, magodoro vichwani. Kati yao Mama Chanelle, mteja wangu. Godoro kichwani, mkononi chungu cha ua! Nyumba imeachwa, ua limebebwa. Nikacheka moyoni. Kisha akaniambia lilipandwa na marehemu mumewe, Salvator, na kwamba hana kitu kingine chake, hata picha. Nikaacha kucheka.

Anakwenda kwa dada yake, mtaa wa Kibenga. Huko wamejaa hadi jikoni, hakuna pa kuweka chungu. Akaniomba nimtunzie. Nikasema ni amana, Mungu shahidi. Kabla ya kuondoka akachomoa kichipukizi kimoja ubavuni mwa ua, na mizizi yake, akakifunga kwa kitambaa kibichi aende nacho. Kimoja tu! Mwanamke hana haraka. Mke wangu Raihana akampa maharage ya watoto kwenye bakuli letu la bluu.

Alhamisi, 1 Machi

Ua zuri mno. Jekundu, umbo la moyo, linang'aa. Mama Chanelle analiita anthurium. Na arusi zinaanza baada ya Idd! Hamimu, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, hupamba viti vya maharusi kwa maua ya plastiki, na watu wanamwita mtaalamu. Plastiki! Mimi nitapamba kwa maua hai.

Njia nimeiona. Mwenye akili hachomoi kimoja kimoja. Muhogo tunaufanyaje? Tunakata shina vipande, tunaanika, tunachomeka, unaota. Uzio wa miti ya miyenzi vilevile: chomeka kijiti, subiri mvua. Ua ni nani hata lijione bora kuliko muhogo? Mama Chanelle atarudi akute bustani. Hiyo si kuvunja amana, ni kuizalisha.

Raihana akauliza kama nimemwomba ruhusa mwenyewe. Nikamjibu kwamba zawadi haiombewi ruhusa.

Nimekata. Shina lote. Vipande viko juu ya bati, vinakula jua.

Jumapili, 4 Machi

Vipande nimevichomeka kwenye kila kopo la nyumba, hata la sukari. Raihana amehamishia sukari kwenye bilauri. Nikamwita Hamimu aje aone, apate wivu. Kosa kubwa! Akazunguka makopo, mikono nyuma, akauliza mihogo hiyo ni ya kuchemsha au ya unga. Kufika alasiri barabara nzima inaniita Fundi Mihogo.

Jumatano, 7 Machi

Idd imepita. Nyama sikuisikia ladha. Vipande vimekuwa vyeusi. Nilichomoa kimoja nione mizizi. Laini, kinanuka. Labda kile tu kilikuwa kigonjwa. Nikachomoa vingine kuhakikisha. Vyote. Chungu kitupu kiko dirishani. Nimekifunika karai kisinitazame.

Ijumaa, 9 Machi

Imamu amehutubia. Kuhusu nini? Amana! Kati ya mambo yote ya dini! Nami safu ya mbele, kanzu mpya ya Idd, masikio yanawaka moto. Hamimu akaninong'oneza akiuliza kama nina homa.

Naona haya hata kuandika. Yule mama aliacha sahani, aliacha kitanda. Akambeba mumewe mkononi, akanipa mimi. Mimi nikamkata vipande nikamwanika.

Jumatatu, 12 Machi

Watu wa Kinama wameanza kurudi. Atakuja! Na kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, hata kikiwa kikombe cha chumvi. Nikavuka barabara hadi kwa Hamimu, nikaomba ua la plastiki. Hakucheka. Afadhali angecheka. Alichagua jekundu, akalifuta vumbi kwa mkono wa shati, akakataa malipo.

Nimelichomeka kwenye chungu. Nikaweka udongo. Nikamwagilia maji. Raihana akanikuta namwagilia plastiki, akarudi ndani.

Jumatano, 14 Machi

Amekuja. Akaona chungu, akafurahi, akagusa jani. Vidole vikabaki pale pale. Nilifungua mdomo niseme kweli, nikajikuta nikisema limebadilika kidogo kwa ajili ya joto. Joto!

Akatoa bakuli la bluu kikapuni. Naye hakulirudisha tupu: ndani kulikuwa na udongo mweusi, na kile kichipukizi, kimetoa jani jipya. Shukrani yake kwetu kwa kutunza ua kubwa! Raihana akaanza kulia. Hapo nikasema yote: kisu, bati, makopo. Natamani ardhi ingenimeza na ile kanzu yangu.

Mama Chanelle akajifuta uso kwa kitenge. Halafu akasema, "Apana kitu, Fundi. Hata bwana yangu aliua zingine mbele ya hii kukubali." Yaani hata Salvator aliua maua mengine kabla ya hili kushika.

Raihana akamsihi achukue kichipukizi, ni chake. Akakataa. Nyumba yake imebaki kuta bila paa, hakuna kivuli. Akaniomba mimi, mimi tena, nikitunze mpaka apate mabati. Kisha akabeba chungu na ua lake la plastiki, akaondoka nalo njia ya Kinama. Nilishindwa kumsindikiza. Nilimwangalia toka nyuma ya pazia.

Alhamisi, 15 Machi

Kichipukizi kiko dirishani, mbali na jua. Nimeapa mbele ya Raihana, wallahi, sitakigusa. Ndicho pekee kilichobaki cha Salvator. Nikikitazama, naona aibu.

Raihana ametoka kwenda sokoni. Nimekitazama tena. Ubavuni kina uvimbe mdogo, kama kinataka kuzaa. Nimefikiri sana. Kimoja ni hatari! Kikifa, nitamwambia nini yule mama? Vikiwa viwili, amana iko salama. Hii si tamaa, ni tahadhari. Na kosa langu sasa nalijua: lilikuwa jua.

Safari hii nitakatia kivulini.