Mkazi wa Usiku Mmoja

Jumamosi, 10 Januari

Baba mkwe ametangaza! Mzee Orval ametimiza miaka themanini na moja leo, na kabla keki haijakatwa akasema bunduki yake ya zamani sasa itafute mikono mingine. Tunaoitaka ni wawili: mimi, na mwanawe Gaylen, shemeji yangu. Jumamosi ijayo tutawinda koyote, hao mbweha wetu wakubwa, kwenye shamba la mzee. Atakayeangusha wengi kabla ya saa sita mchana anaondoka nayo. Bunduki hiyo nimeitamani tangu siku niliyokwenda kumposa Darlys! Gaylen ataitundika tu juu ya televisheni.

Tatizo moja. Shamba liko jimbo la South Dakota, nyumba yangu iko jimbo la Nebraska, katikati ni uzio wa waya. Huku kwetu mkazi anawinda koyote bila karatasi yoyote. Kule Gaylen, mkazi, analipa dola tano. Mimi, mgeni, dola arobaini. Mgeni! Nimekula Krismasi ishirini na sita katika nyumba ile! Gaylen akanipigapiga begani. "Lipa tu, shemeji. Jimbo letu linapenda watalii." Nimeapa silipi.

Jumapili, 11 Januari

Nimepata njia! Baada ya ibada, kwenye kahawa, Burnell, ambaye kila kiangazi huzurura na gari-nyumba lake, kanifungua macho. South Dakota wanampa leseni ya udereva mtu yeyote mwenye risiti ya kulala kwao usiku mmoja. Hotelini, kambini, popote. Wastaafu wenye magari-nyumba wanafanya hivyo kila siku. Usiku mmoja! Nimemkumbatia Burnell mbele ya mchungaji.

Darlys akauliza kambi, mafuta na kadi mpya vitanigharimu kiasi gani. Nikamwambia suala si pesa.

Jumanne, 13 Januari

Nimelala kambini na trela yangu ya kulala. Peke yangu. Mwenye kambi, mama mmoja aitwaye LaVonne, aliniuliza kwa upole kama nyumbani kuna amani. Hakungoja jibu, akaniletea blanketi la pili, supu ya maharage na andazi la mdalasini. Asubuhi maji ya kunywa yalikuwa barafu. Ndevu pia. Lakini risiti ninayo! Nimeibusu.

Jumatano, 14 Januari

Mimi ni mtu wa South Dakota! Kadi hii hapa. Picha imetoka vizuri, ila pua ingali nyekundu. Ofisini wakataka leseni yangu ya udereva ya Nebraska. Nikawaambia wachukue, ya nini tena!

Kutoka hapo mbio hadi dukani kwa leseni ya kuwinda. Fomu ilikuwa na visanduku vya kuweka alama. Nikaweka alama vyote, sikutaka kumchelewesha muuzaji. Dola tano! Nimeimba njia nzima. Darlys kasema kwa kuwa sasa natoka jimbo lingine, nigonge mlango kabla ya kuingia. Wivu huo.

Ijumaa, 16 Januari

Filimbi imekamilika. Nimeichonga mwenyewe kwa pembe ya kulungu. Inatakiwa ilie kama sungura anayekata roho, koyote asikie njaa aje. Nimeijaribu ghalani. Wamekuja paka watatu, mbwa wawili wa jirani, na jirani mwenyewe na sanduku la huduma ya kwanza.

Gaylen alipita, akasikia, akajiziba mdomo kwa kofia. Halafu akauliza leseni nimelipa ngapi. Nikamjibu ataona kesho. Akasema, "Haya, shemeji, ila usije ukanichekesha mbele ya mzee." Ameanza kuogopa huyo. Usingizi sijui nitaupata wapi kwa furaha hii.

Jumamosi, 17 Januari

Naandika upesi kabla hasira haijapoa.

Asubuhi tulikusanyika jikoni kwa mzee. Ofisa wa wanyamapori, Bi Thorsrud, alikuwepo, anapita pale kila mara kunywa kahawa. Hakuuliza kitu. Narudia, hakuuliza kitu! Ni mimi niliyetoa kadi zote mbili, nikazipanga mezani, nikamkazia macho Gaylen.

"Dola tano," nikasema. "Mkazi. Tangu Jumatano."

Bi Thorsrud akaweka kikombe chini, akauliza Jumatano ipi.

Kumbe ukazi wa kuendesha gari ni usiku mmoja, wa kuwinda ni siku tisini! Eti iliandikwa kwenye kisanduku cha tatu. Akaichukua leseni ya kuwinda, akanipa onyo la maandishi, akasema kwa heshima zote kwamba ya mgeni naweza kuinunua palepale kwa simu. Gaylen akaninyooshea simu yake. Ng'o!

Ndipo akili ikafanya kazi. Uzio wa kusini wa shamba ndio mpaka wenyewe! Nikamuuliza mzee kama koyote wa upande wa pili atahesabiwa. Akasema koyote ni koyote, mradi nimwache anywe kahawa yake. Nikatoka mbio. Nebraska, nyumbani, bila karatasi! Mguu mmoja ulishavuka waya nikasikia naitwa.

"Bwana Verlyn," akasema Bi Thorsrud, "Nebraska wasiohitaji kibali ni wakazi. Kadi yako inasemaje?"

Nikaitazama. South Dakota.

Kwa hiyo huku mgeni, kule mgeni. Mahali pekee nilipokuwa mwenyeji ni juu ya waya, na suruali ilikuwa imeshanasa.

Nikairudisha bunduki yangu garini. Nikakaa kwenye theluji, nikaipuliza filimbi kwa hasira tu. Ikalia sawasawa! Koyote watatu, wanono, wakanipita karibu kabisa, wakaenda kusimama mbele ya Gaylen. Risasi tatu. Nilirukaruka kwa shangwe, nikapiga makofi, halafu nikakumbuka.

Mzee amempa Gaylen bunduki. Nimelia kidogo garini.

Jumapili, 18 Januari

Gaylen kaja na bunduki! Akailaza mezani kwetu. Akasema koyote wale walikuja kwa filimbi yangu, na mkewe haitaki ukutani. "Ichukue, shemeji, ni yako. Nina sharti moja tu: lipa ile arobaini, Jumamosi tukawinde pamoja kama ndugu." Darlys akanitazama. Mzee, aliyebaki garini, akashusha kioo ili asikie. Kitako cha bunduki kilikuwa kinang'aa. Mkono wangu ulianza kunyooka wenyewe.

Nikasema silipi.

Akaibeba akaondoka nayo. Mzee akapandisha kioo. Darlys hajanisemesha tangu hapo.

Lakini jioni hii Burnell kapiga simu. Wyoming! Kule koyote haombewi leseni kabisa, awe anawindwa na mkazi au mgeni. Hata senti! Maili mia tatu tu kutoka hapa. Nimetafuta kambi, nimeandaa mablanketi, kesho usiku nalala kule na keshokutwa naomba ukazi. Darlys ndipo akafungua mdomo: kama mgeni halipi kitu, huo ukazi wa nini? Mwanamke huyu haelewi kabisa mambo ya leseni. Trela nimeshaiunga, naondoka alfajiri.